Mkono Mmoja Ukutani

Papillon ni mtindo wa kuogelea wa vijana wenye mgongo wa mpira. Mimi niliuanza nikiwa na miaka hamsini na mitatu, na tumbo lililokuwa likifika ziwani dakika kumi kabla yangu. Mara ya kwanza nilipoinua mikono yote miwili juu ya maji na kujirusha mbele kama kipepeo, wimbi lilifika Bukavu, na sambaza, wale dagaa wetu, wote wa Ziwa Kivu wakaanza kufunga mizigo. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo juu ya mawe alisimama na shati mkononi, akamwuliza mwenzangu, na kwetu papa ni baba, si samaki:

«Huyu papa anazama ao anacheza?»

«Anajifunza, mama.»

«Basi ajifunze pole pole. Maji yangu yote amekoroga.»

Mwenzangu huyo alikuwa mwalimu wangu. Si wa kuogelea, wa Kifaransa. Alinifundisha kwenye masomo ya jioni, katika darasa lenye madawati ya watoto, ambamo sisi wazee tulikunja magoti mpaka yakaziba masikio. Nilipata diplome nikiwa na miaka arobaini na tisa, nikaitembeza Katoyi nzima, hapa Goma. Kuna mbuzi wa mtaa wetu walioiona mara mbili. Yeye amenizidi miaka saba. Mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita Mwanafunzi, hata mbele ya wajukuu wangu, na sikuona vibaya. Mtu aliyekutoa katika kutia sahihi kwa kidole gumba, mwache akuite anavyotaka.

Sote wawili tulikuwa watu wa ziwa tangu utoto, wa krol, ile ya kifudifudi, mkono kwa mkono, ya kufukuzana na ya kuvuka kwenda kuiba maembe. Halafu klabu moja ya kuogelea hapa mjini ikatangaza kwamba itatuma mtu mmoja, mwenye miaka hamsini na kuendelea, kwenye mashindano ya wazee kule Bukavu. Mmoja tu. Na huyo mmoja ilibidi ajue yote: mita mia nne za krol, hamsini za mgongo, hamsini za brasse, ile ya chura, hamsini za papillon, na mwisho mita mia mbili zenye mitindo yote minne ndani yake. Muda wa mbio zote ungejumlishwa. Ukifutwa katika mbio moja, umefutwa katika zote.

Niseme wazi kwa nini niliitaka nafasi ile. Safari zote nilizofanya maishani mwangu ni za kukimbia. Nimekimbia volkano na godoro kichwani. Nimekimbia vita na sufuria, nikarudi, nikakimbia tena na sufuria ileile, nikalala kambini Mugunga chini ya shiting, turubai la wakimbizi, mpaka nikajua majina ya mbu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia: njoo, tunakusubiri, kiti chako hiki. Nilitaka safari moja ya kuitwa. Nipande bato, meli ya ziwani, mchana kweupe, na begi dogo, watu waniage wakicheka. Mke wangu aliwatangazia majirani wa avenue nzima kabla hata sijaloa.

Tulijifunza miezi kumi na minne. Tangu vita, uwanja wa ndege umefungwa, banki zimefungwa, lakini ziwa hakuna aliyeweza kulifunga. Kila asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa majini. Bwawa hatukuwa nalo. Bwawa ni la hoteli, na hoteli ni ya wenye hoteli. Tulipima kwa kamba mita ishirini na tano kati ya mawe mawili makubwa yanayochungulia juu ya maji, na hayo ndiyo yakawa kuta zetu.

Sasa asiyelijua jiwe la kwetu nimweleze. Ni lava iliyopoa, nyeusi, na ina meno mengi kuliko mamba. Ziwa letu halina mamba. Nadhani walikuja wakayaona mawe, wakaona hapa kazi yao ina mwenyewe. Ukifika kwenye jiwe kama lile kwa kasi, hulivamii. Unatanguliza mkono mmoja, kiganja bapa, kama unayepima sufuria kama ingali na moto, huku mkono mwingine ukibaki nyuma kukushika usirushwe na wimbi. Kila mtoto wa Goma anafika hivyo. Mikono yangu ina makovu ya kabla sijajua hilo. Basi kwa miezi kumi na minne, krol, mgongo, brasse, papillon, mimi na Mwalimu tuligusa jiwe kwa mkono mmoja, tukageuka, tukaondoka. Na yeye hivyohivyo. Nilimwona kwa macho yangu.

Brasse ndiyo ilinipenda. Sijui ni tumbo au ni nini, lakini nilipokusanya miguu na kuifungua, nilitoka kama sabuni iliyobanwa. Mwalimu alinishinda mgongo mwanzoni, halafu nikamfikia. Krol ndefu ilimchosha. Mita ya mia tatu alikuwa akipumua kama lori linalopanda Sake. Mwezi wa kumi wa mazoezi nikawa ninamshinda kote.

«Mwanafunzi,» aliniambia siku moja tukijifuta, «utaniua.»

«Bado, Mwalimu. Ngoja kwanza unibebee begi mpaka bandarini.»

Alicheka. Nakumbuka kwamba alicheka, kwa sababu baadaye nilikirudia kile kicheko kichwani mara elfu, nikikitafuta mahali kilipochanika.

Wiki tatu kabla ya siku ya kuchaguliwa, klabu ikatupa kila mmoja karatasi za masharti, kurasa nne za Kifaransa cha mahakamani. Ningeweza kuzisoma. Diplome ninayo, imetundikwa sebuleni karibu na picha ya ndoa, na imeipita picha kwa ukubwa. Lakini mbele ya Mwalimu nilikuwa na tabia ya darasani: yeye anasoma, mimi nasikiliza, halafu nasema nimeelewa. Nikampa zangu. Akavaa miwani, akakaa juu ya jiwe, akanieleza kifungu kwa kifungu. Ukiondoka kabla ya filimbi umefutwa. Kwenye mgongo usijigeuze kabla hujafika ukutani.

«Na brasse, Mwalimu?»

«Brasse ni miguu. Ifunguke yote pamoja, kama chura. Usiipige kama makasi.»

«Basi?»

«Basi.»

Akakunja karatasi, zake na zangu, akazitia katika begi lake. Nilidhani ananisaidia kubeba.

Siku ilipofika tulikuwa wazee sita kwenye bwawa la hoteli. Maji ya buluu mpaka unaona aibu kuyaingia. Sijawahi kuona kitu laini kama ukuta ule; ningeweza kuulalia. Krol nilishinda. Watu watasema naongeza, lakini nilipofika, wa mwisho bado alikuwa anatafuta miwani yake. Mgongo nilikuwa wa pili, Mwalimu wa tatu. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye majani na jirani zake wanne, amevaa kitenge cha Noeli.

Ikaja brasse. Sikumwona mtu yeyote. Nilikwenda, nikageuka, nikarudi, nikagusa, nikainua kichwa, na upande wangu wote wa bwawa ulikuwa mtupu. Mwalimu alifika nyuma yangu kwa urefu wa mtu mmoja na nusu. Nikageuka kumpa mkono, na wakati huo ndipo nikaona jinsi alivyofika: mikono miwili, pamoja, vidole vimelingana, pah, kama mtu anayefunga dirisha.

Mwamuzi alikuwa dada kijana mwenye filimbi. Alikuja akachuchumaa juu yangu.

«Papa, pole. Umefutwa.»

«Nimefutwa kwa nini? Miguu yangu ilikuwa chura kabisa.»

«Miguu iko muzuri. Ni mukono. Umegusa na mukono moja, kwa kugeuka na kwa kufika. Brasse ni mikono mibili, kwa mara moja. Na papillon vilevile.»

«Nani amesema?»

«Iko mu karatasi, papa. Ukurasa wa pili.»

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anarekebisha kofia yake ya kuogelea, na kofia ile haikuwa na kasoro yoyote. Mikono miwili haijifunzwi asubuhi moja. Mwili wa mzee ni kama karani wa zamani. Ukiuambia jambo jipya, unataka miezi ya kulikubali.

Mke wangu alinifuata na taulo. Majirani walishikilia sana kutazama maua ya hoteli. Papillon ilipigwa bila mimi, na mita mia mbili bila mimi, na jioni klabu ikasema anakwenda Mwalimu.

Alikuja nyumbani siku ya tatu, na karatasi zangu nne mkononi. Mke wangu akamwekea chai na mkate, kwa sababu mgeni ni mgeni. Tukakaa. Sukari ilikorogwa mpaka kikombe kikachoka.

«Ulijua?» nikamwuliza.

«Nilijua.»

«Ukajifunzia wapi?»

«Kuna ukuta wa gati, karibu na kwa shemeji yangu. Saa za mchana. Wewe ulikuwa kazini.»

«Tangu lini?»

«Tangu mwezi ule wa kumi, ulipoanza kunishinda. Masharti niliyasoma klabuni kabla hayajagawiwa.»

«Ungeniambia, Mwalimu. Neno moja.»

«Ningekuambia, ungekwenda wewe.» Alisema hivyo bila hasira, kama anayesahihisha daftari. «Wewe una hamsini na minne. Mimi sitini na moja. Mwaka kesho utaweza. Mimi mwaka kesho bega hili linakataa, nalisikia. Nimefundisha watu maisha yote, wote wamepita mbele yangu. Nilitaka moja tu.»

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu ya kujaza magari matatu ya Fuso, na yote kwa Kifaransa alichonifundisha yeye. Nilichukua karatasi, nikafungua ukurasa wa pili. Kifungu chenyewe kilikuwa mistari miwili. Mtoto wa darasa la sita angekielewa. Hapo ndipo uchungu ulipobadilika mahali, ukatoka kwake ukaja kukaa upande wangu pia, na mpaka leo umekaa pande zote mbili.

«Nimekuja kukuomba,» akasema. «Kule wanataka kila mtu aje na wa kumshikia kronometa, saa ya kupima mbio. Twende wote. Mimi sina mwingine.»

«Nenda, Mwalimu.»

«Mwanafunzi.»

«Nenda salama. Uogelee vizuri.»

Akasimama, akashukuru kwa chai. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Unamsindikiza mpaka barabarani, na ukiwa unampenda, mpaka njia panda. Alifika mlangoni akasimama, mgongo kwangu, akinisubiri. Nilisikia anavyosubiri. Mimi nilibaki kwenye kiti na karatasi zangu magotini. Mwishowe mke wangu akajifunga kitenge, akamsindikiza yeye.

Siku bato lilipoondoka nilikwenda ziwani kama kawaida, saa kumi na mbili. Mama wa nguo alikuwa pale, mikono imejaa povu.

«Papa, leo uko peke yako. Mwalimu ni mugonjwa?»

«Hapana,» nikasema, «ameenda Bukavu. Anatuwakilisha.»

«Ah, muzuri. Na wewe haukumufuata?»

Nikamwambia maji ni baridi, nisije nikaganda nikisimama tu, nikaingia.