Kahawa Ilipochanua

Harufu ya maua ya kahawa imeniamsha leo, na Agosti haijafika katikati. Nimefungua dirisha kuhakikisha. Mibuni michache aliyoniachia marehemu mume wangu imechanua yote.

Utotoni mwangu, kwenye miteremko ya Meru, harufu hiyo ilikuja Novemba, na mama hakupanda maharage kabla yake. Mwaka mmoja manyunyu yalitangulia, majirani wakapanda. Kwetu lilikuwa limebaki debe moja la mbegu. Lingepotelea ardhini, tusingekuwa na chakula hadi masika.

"Mama watoto, wenzako wameshapanda," baba alisema. "Sisi tutavuna ukungu?"

"Kahawa bado imelala. Mvua hii imepita kusalimia tu."

"Basi kaiamshe."

Mama alicheka, lakini hakuligusa debe. Jua likarudi, maharage ya majirani yakanyauka. Mvua ya kweli ilipokuja na kutulia, asubuhi moja harufu iliingia jikoni ikaushinda moshi. Mama alifunga mbuzi, akanipa ungo wa mbegu, tukapita kiubavu katikati ya mibuni tusiangushe ua hata moja.

"Taratibu, mama," aliniambia. "Pita kama uko kanisani."

Udongo ulikuwa laini, wenye ubaridi, ukishika vidole.

Leo nami nimechukua kiganja cha mbegu, nikapita kiubavu hadi katikati ya maua. Nimeinama, nikagusa chini. Vumbi. Nimezirudisha mbegu ndani, dirisha nikaliacha wazi.