Ng'ombe wa Udongo wa Bibi Kankindi

Jirani yangu Jovitha hatulii. Watu wa Ngara mjini wanamjua kwa picha za pasipoti, kile chumba chenye pazia la bluu karibu na stendi, lakini mimi Justina ninayeuza vitenge mlango wa pili ndiye ninayejua kichaa chake halisi. Amejifunza kwenye simu namna ya kukizunguka kitu kidogo akikipiga picha nyingi, mpaka programu iziunganishe na kukisimamisha kizima kwenye kioo, ukigeuze utakavyo. Tangu hapo hakuna kilichosalimika dukani kwangu. Amepiga kiatu changu. Amepiga parachichi nililotaka kula, likatokea limekatika nusu, naye akacheka mpaka machozi.

Kwa hiyo habari za Bibi Kankindi wa Kanazi zilipomfikia, nilijua siku hiyo siuzi kitu. Bibi alikuwa na ng'ombe wa udongo, mdogo wa kukaa kiganjani, aliyefinyangwa na mwanawe Havyarimana na kuanikwa juani tu, kama wafanyavyo watoto wote wa kwetu. Mtoto mwenyewe alifariki kwa homa kabla hajaanza shule. Udongo usiochomwa haudumu. Pembe moja ilishadondoka, na kila masika kipande kingine kinamomonyoka. Bibi alitaka abaki naye kwa namna yoyote kabla hajawa vumbi.

Tukapanda bodaboda, mimi nimekumbatia mwavuli wa kukinga jua.

Baada ya shikamoo na marahaba, bibi akamfunua ng'ombe kwenye kitambaa, na Jovitha akajishika kichwa. Ng'ombe alikuwa anang'aa. Bibi alikuwa amempaka samli mpaka kwato, kwa sababu kwake hakuna anayepelekwa kwa mpiga picha bila kupakwa mafuta. Nani angembishia? Hata mimi utotoni nilipigwa picha nikiwa nang'aa kama sufuria mpya. Lakini programu ile haipatani kabisa na mng'ao. Mwanga ukichezacheza juu ya kitu, kila picha inaonyesha jambo lake, na mwisho unapata uji. Kumfuta hatukuthubutu, angesagika mikononi mwetu.

Nilinuna, nasema kweli. Safari yote ile, kisha samli! Jovitha akamkagua ng'ombe pande zote, halafu macho yakamwaka. Akaomba unga wa muhogo, akautia kwenye kitambaa chepesi, akakitikisa taratibu juu ya ng'ombe mpaka mng'ao ukafa. Akaniamuru nishike mwavuli nisitikisike, naye akaanza kuzunguka akipiga, mara amechutama, mara amelala kifudifudi, bibi akimfuata na mkeka asichafuke.

Mtandao wa pale ulikuwa wa kusuasua. Tulikaa uani tukiukodolea macho ule mstari unaojaa kwenye simu, na mimi niliyekuja kwa kuburutwa nikajikuta nasali kimoyomoyo.

Ng'ombe akatokea. Mzima, na mkia wake, na ile pembe yake moja. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Jovitha akamkuza, akamgeuza polepole, na hapo sote tukainamia kioo. Unga ulikuwa umetuama kwenye vishimo ambavyo kwenye udongo ule mweusi havikuwahi kuonekana. Upande mmoja wa nundu palikuwa na alama ya kidole gumba, ndogo kama punje ya hindi. Upande wa pili, alama za vidole viwili.

Bibi akaleta mkono wa kulia juu ya kioo, kama anayemfinya ng'ombe kutoka nyuma. Haukuoana na alama, gumba lilikwenda upande wa vidole. Akaushusha, akaleta wa kushoto. Ukakaa sawasawa.

"Alikuwa wa mashoto," akasema. "Nilikuwa nimeshasahau."

Akacheka machozi yakimtoka, akataka tumgeuze tena.