Kifua Hakipimwi

Tangu arudi na treni kutoka hospitali ya Lubumbashi, akiwa amekatwa titi la kushoto, fundi cherehani wa karibu na bandari hapimi tena kifua cha mtu. Anapima bega, mkono, kiuno. Akifika kifuani anamkabidhi mteja utepe na kugeukia cherehani yake. "Jipime, mama, uniambie."

Mama Bertille, aliyekuja kupimwa blauzi ya sare ya defile, gwaride la chama chao, alicheka. "Siku hizi unaona haya, fundi?" Kisha akahesabu blauzi zilizotundikwa ukutani. "Kumi na moja. Yako njo iko wapi?"

Mkono wa fundi ulipanda wenyewe, ukabonyeza pamba iliyojaza sidiria. Kitenge chake mwenyewe kilikuwa mezani, hakijaguswa na mkasi. Akakikunja, akakunja tena, akaweka pasi baridi juu yake.

"Hujaniambia kifua ni ngapi, mama."