Ratiba ya Ukutani na Ratiba ya Buti

Jina la Mama Ratiba tulimpa sisi darasani, muhula wa kwanza, kwa sababu hata msalani alikuwa akienda kwa dakika alizojipangia. Tulikuwa watu wazima kumi na tisa tuliorudi shule na vitambi vyetu, tukisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, wengi tukitoka kazini moja kwa moja. Yeye alitoka kwenye ujenzi. Alikuwa msimamizi wa mafundi arobaini, na kila Ijumaa alivua buti zake kwenye ngazi za chuo, akazigonga ukutani kutoa udongo, akavaa viatu vya kistaarabu. Mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Mdomo wangu hauna breki, na sitaanza kuufunga leo.

Mkuu wa kozi, ambaye wote tulimwita Dokta, alituweka pamoja kwa sababu tulitoka kwenye mradi mmoja. Kampuni ya Mama Ratiba ilikuwa ikijenga wodi mpya ya wazazi kwenye kituo chetu, ya ghorofa, na mimi ndiye niliyepangiwa kuipokea. Yeye aandike jengo linavyojengwa, mimi niandike litakavyotumika, kisha siku ya mwisho tutetee kazi yetu mbele ya jopo. Kwa miaka miwili tulinong'onezana na kuamshana kwa viwiko pale usingizi ulipotuzidi. Nilijua kwamba wanawe wawili hushinda na mama mkwe wake kila Jumamosi, bibi mcheshi aliyekuwa akisema, "Hicho cheti nusu yake ni changu, msije mkanidhulumu." Nilijua pia kwamba kampuni ilimwahidi umeneja akimaliza tu masomo. Aliutaka umeneja huo kufa na kupona.

Siku ya kutetea tulikutana saa mbili asubuhi kwenye chumba kidogo cha kujisomea ili tuunganishe slaidi zetu. Zamu yetu ilikuwa saa nne. Alichomeka flashi kwenye kompyuta, nikaona mafaili mawili. Moja liliandikwa "ratiba ya ukutani", jingine "ratiba ya buti".

"Hii ya buti ndiyo nini?" nikauliza.

Akaanza kufuta vumbi la kompyuta kwa kiganja. Mtu huyu huwa na jibu hata kabla hujamaliza swali, kwa hiyo nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Alinieleza huku akiangalia meza. Ofisini kwao kulikuwa na chati kubwa ukutani yenye visanduku vya rangi, kila kazi na siku zake. Mkurugenzi alikuwa amepiga marufuku rangi nyekundu, ile ya kazi iliyochelewa, wageni wasije wakaiona. Kazi ikichelewa, siku ziliibwa kwingine, na mahali rahisi pa kuziiba palikuwa kwenye zege, maana zege likiharakishwa halipigi simu kulalamika. Kwa hiyo kila msimamizi aliweka daftari lake la kweli. Yeye lake alilificha ndani ya buti la akiba, na faili lile lilikuwa nakala yake. Chati ya ukutani ilisema kwamba mirunda, ile miti inayoegemeza zege la juu mpaka likomae, iliondolewa siku ya ishirini na moja. Daftari la buti lilisema siku ya tisa.

Damu ikanipanda. "Siku ya tisa? Dada, chini ya zege hilo ndipo nitakapolaza wazazi!"

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Niliagizwa kwa mdomo, nikasaini kwa mkono wangu. Nimeomba mara mbili mirunda irudishwe. Naambiwa tusubiri. Na Jumatatu matofali ya ghorofani yanapandishwa. Yote, pamoja na tangi la maji."

Nilitaka kumzaba kofi, nasema kweli. Lakini alikuwa na mpango, nao haukuwa wa kijinga. Angeonyesha ratiba ya buti mbele ya walimu peke yao, jopo liandike ushauri, na jioni ile ile ampelekee mkurugenzi maneno ya chuo badala ya maneno yake. Nikashusha pumzi. Tukaunganisha slaidi.

Saa tatu na nusu katibu wa kozi akachungulia mlangoni, uso umejaa tabasamu. Mwaka huu wamewaalika waajiri, akasema. Na nyuma yake akatokea mkurugenzi mwenyewe, suti imenyooka, chupa ya maji mkononi.

"Nimekuja kumshangilia meneja wangu mtarajiwa," akasema, akaelekea ukumbini.

Mama Ratiba alibaki ameshika kiti. Simu yake ikalia, akabonyeza spika, akaiweka mezani na sauti ya mama mkwe ikajaa chumba kizima. "Mwanangu, umekula? Majirani wote nimeshawaambia. Ukirudi tunapiga picha!"

"Ndiyo, mama," akajibu. Akakata. Kisha, bila kunitazama, "Naweka ya ukutani. Jumatatu nitaongea naye ana kwa ana, nikishakuwa meneja."

"Jumatatu saa ngapi? Kabla ya tofali la ngapi?"

Akachomoa flashi. Nilimwambia mengine ambayo sitayarudia. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

Ukumbini mkurugenzi alikaa mstari wa mbele. Nilitangulia mimi, nikasema habari za vitanda na milango. Kama Mama Ratiba angenyamaza, niliapa moyoni, ningesema mimi, urafiki ufe na hicho cheti kipotee. Kisha akasimama yeye. Slaidi ya tatu ikafunguka na ratiba ikajaa ukutani, kijani kutoka juu hadi chini. Ya ukutani. Nikakunja ngumi chini ya meza.

Dokta alishusha miwani yake. "Sioni hata kazi moja iliyochelewa," akasema. "Miaka yangu yote, mradi wa namna hii sijawahi kuuona."

Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, tena kwa sauti.

Mama Ratiba hakucheka. Alishika kipanya kwa muda mrefu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe na viti vikaanza kulia.

"Hata mimi sijauona, Dokta," akasema.

Akafunga faili lile, akafungua la pili. Kisanduku cha zege kilikuwa chekundu, na pembeni yake pameandikwa: mirunda imeondolewa, siku ya tisa.

"Hiyo haijaidhinishwa na kampuni!" mkurugenzi akasema akiinuka nusu.

"Kaa, tafadhali," Dokta akamwambia. Akamgeukia Mama Ratiba. "Hatari umeiandika, lakini mahali pa hatua ya kuchukua ni patupu."

"Napajaza sasa. Jumatatu lisipande tofali hata moja mpaka mirunda irudishwe na zege lipimwe." Akamgeukia mkurugenzi. "Na aliyesaini ni mimi."

Mkurugenzi alitoka. Chupa yake ya maji ilibaki juu ya kiti.

Jopo lilitupitisha kwa masharti ya kurekebisha kurasa sita. Nje, karibu na gari, mkurugenzi alimwambia Mama Ratiba maneno mawili tu: "Jumatatu usije." Mchana ule ule nilimpigia mganga mkuu wa kituo chetu, Dokta naye akamwandikia barua, na mganga mkuu akampigia mkurugenzi. Sijui waliambiana nini, najua tu kwamba simu ile haikuwa fupi.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa napokea zamu simu ilipoita.

"Mlinzi kanizuia kwenye geti la ujenzi," Mama Ratiba akasema. "Jina langu limefutwa."

"Si alikwambia usije? Umefuata nini?"

"Nimekuja kuona kwa macho yangu. Nachungulia kwenye tundu la uzio wa bati." Akavuta kamasi. "Wanairudisha. Wanarudisha mirunda."

Nikakaa kwenye kitanda kilichokuwa karibu.

"Lakini wanaiweka mbali mbali mno," akasema, na papo hapo nikasikia simu ikisogezwa na bati likigongwa. "We fundi! Sogeza huo wa pili! Nusu mita! Kushoto, kushoto kwako!"

Nikasikia mti ukiburutwa. Kisha kutoka ng'ambo ya bati, sauti ya mwanamume ikajibu.

"Sawa, meneja!"