Mhadhara Ulioshindana na Ngoma

Nilichaguliwa kuwa katibu wa Wiki ya Sanaa na Mihadhara kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Chuo chetu pale Nyegezi kilikuwa na kompyuta mbili, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na mwenye ufunguo wa chumba zilimowekwa alikuwa masomoni. Basi ratiba nzima niliiandika kwa mkono kwenye manila, nikaibandika mlangoni mwa bwalo, kisha nikasimama kando na kuisifia peke yangu, maana wengine hawakuonyesha nia.

Ilikuwa miaka ya soko huria na kila mtu alikuja na masharti yake. Msambazaji wa soda alitupa viti, mradi kila msemaji asimame karibu na kreti zake. Wanamaigizo walileta mchezo wa saa nne ambamo mhusika mkuu alikufa mwanzoni kabisa. Washairi waligombania nani asome mwisho, wakasoma wote kwa pamoja. Hayo yote niliyamudu. Aliyeninyima usingizi ni mwalimu wetu wa uchumi.

Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, suti ya kahawia mwaka mzima na jua lote lile, na mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Aliniita ofisini akafunga mlango.

"Binti, mke wangu hajawahi kunisikia nikitoa mhadhara. Miaka thelathini! Yuko ng'ambo, Sengerema, na shamba letu. Kila nikimwalika anasema mwakani. Safari hii amekubali, atavuka kwa kivuko cha Kigongo Alhamisi. Nataka watu wajae. Asije akakuta viti vitupu."

Nikamwahidi watu. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile ulivuka mpaka.

Maana Alhamisi hiyohiyo, saa tisa alasiri, saa ileile ya mhadhara, ndio wakati pekee ambao kikundi cha ngoma ya majembe kutoka vijijini kingeweza kuja. Nikajiambia shida iko wapi, mhadhara bwaloni, ngoma uwanjani. Mimi ni mzaliwa wa Buzuruga, mtoto wa mjini, mjukuu wa fundi cherehani kutoka Ujiji. Usukuma wangu uliishia kwenye kupatana bei ya samaki aina ya sato. Sikujua kwamba kwa Wasukuma ngoma hasa ni ya mashindano. Vikundi viwili huwekwa uwanja mmoja, wakati mmoja, na kila kimoja huvuta watu upande wake. Watazamaji hukimbilia huku, wakichoka hukimbilia kule. Jaji hakuna. Mwishoni mwenye watu ndiye mshindi.

Alhamisi umeme ukakatika. Bwalo likawa giza na joto la kuokea mikate. Mwalimu akaamuru viti vitolewe nje, na nje ni uwanjani, hatua arobaini hivi kutoka kwa wachezaji.

Manju wao, mzee mfupi mwenye njuga miguuni, akanijia anatabasamu. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Umefanya vizuri sana. Tulidhani mmetuita tucheze wenyewe kama wendawazimu. Mpinzani wetu ametoka wapi?"

"Bukoba," nikajibu, bila kujua ninachojibu.

"Dawa yake ya kuvuta watu iko kwenye ule mkoba?"

"Mkoba una karatasi tu, mzee."

Akacheka cheko la mtu asiyedanganyika, akamtuma mwenzake anyunyize maji ya kibuyuni kuzunguka kreti za soda.

Mwalimu akaanza ukurasa wa kwanza, "Dhana ya soko katika utamaduni." Hapo ngoma ikapigwa, majembe yakarushwa juu yote kwa pamoja, yakadakwa yote kwa pamoja. Alipofika ukurasa wa pili watu walikuwa wameshainuka, kila mtu na kiti chake. Tukabaki watatu: mimi, mgeni rasmi aliyesinzia, na mke wa mwalimu mstari wa mbele, kitenge kipya, pochi mapajani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo manju akatunga wimbo papo hapo, kwa Kisukuma. Umati ukaangua kicheko.

"Anasema nini?" mwalimu akauliza.

"Anasema mtu mrefu anasoma barua," mkewe akatafsiri kwa utulivu, "na aliyeiandika alimchukia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akakunja karatasi zake zote na kuzitia mfukoni.

"Haya!" akapaza sauti. "Pamba yenu mwaka huu mmemuuzia nani?"

Vichwa kadhaa vikageuka.

"Zamani mnunuzi mmoja, sasa wamejaa barabarani, kila mmoja na mizani yake! Gunia lilelile, kwa huyu zito, kwa yule jepesi! Ninyi mnarusha majembe!"

"Kweli kabisa!" akajibu mzee mmoja, akarudi na kiti chake.

Mwalimu akapanda juu ya kreti. Akanifanya mimi gunia, mgeni rasmi mizani, akaigiza mnunuzi anavyotabasamu huku kidole cha mguu kinainua gunia kwa chini. Watu wakaja mbio. Manju akapandisha wachezaji mabegani, watu wakarudi kwake mbio. Mwalimu akaigiza mkulima anayehesabiwa noti, watu wakaja tena. Viti vitatu vilivunjika njiani. Mpaka jua linaanza kulegea, uwanja mzima ulikuwa kwetu, hata mpiga ngoma mmoja alikuwa amehama. Tulikuwa tumeshinda! Mimi gunia niliruka kwa furaha.

Mwalimu akageuka amwone mkewe. Kwenye kiti palikuwa na pochi tu.

Alikuwa ng'ambo ya uwanja, miongoni mwa wachezaji wachache waliobaki, viatu kavua, jembe mkononi, anacheza.

Mwalimu akaacha sentensi katikati, akashuka kwenye kreti, akaanza kukatiza uwanja. Watu wakadhani ndiyo mbinu mpya, wakamfuata wote na viti vyao. Manju akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona umati wote uko kwake. Akapuliza filimbi. Ngoma imekwisha, yeye kashinda.

Mwalimu hakuisikia hata hiyo filimbi. "Mama," akasema, "hukunisikia?"

"Nimekusikia. Ulivyopanda kreti nimecheka hadi mbavu zikauma." Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Lakini Mwalimu, mihadhara yako naisikia kila Jumamosi ukija nyumbani. Ngoma hii sijaicheza tangu unioe. Na hujawahi kuniuliza kama naijua."

Niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyemuoa.

Mwalimu alisimama, mikono haijui pa kwenda. Kisha akaketi chini kwenye vumbi, na suti yake ya kahawia.

"Haya, cheza," akasema. "Mimi naangalia."

Mkewe akamwambia manju waanze upya, tangu mwanzo.