Barua ya Mlango wa Nyuma

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijaweza kuifuta. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana mwenye kazi mpya na sketi moja ya ofisini, ambayo niliifua jioni na kuipiga pasi alfajiri. Tulikaa mtaa wa Jericho, mimi na mama na wadogo zangu, katika zile nyumba za kanjo, baraza la jiji, ambazo ukikohoa, jirani anakuambia pole kupitia ukutani. Mama aliuza mboga sokoni. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha viatu huko Baba Dogo, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeteremka kutoka ofisini kupeleka karatasi za zamu. Awino, mama mmoja aliyekuwa akipaka gundi kwenye soli, aliniinulia mkono kunisalimu kama kawaida yake. Kisha nikamwona ameshika meza. Akaishika tena, sasa kwa mikono miwili, halafu akaanguka chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Gundi ile ilikuwa kali. Harufu yake ilipanda kichwani, na siku za baridi madirisha yalifungwa, basi watu wakafanya kazi ndani ya mvuke ule tangu asubuhi. Mlango wa nyuma ulikuwa karibu kabisa na meza ya Awino. Lakini ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa sababu viatu vilikuwa vikiibwa, na ufunguo ulikaa kwa meneja. Wanaume wakambeba Awino, wakapita naye kwenye vijia vyembamba kati ya mashine, wakizunguka mapipa, mmoja akijikwaa, mpaka wakafika lango la mbele. Alipopigwa na hewa alifumbua macho, akauliza kama soli zake zimekauka. Wengine walicheka kwa kushukuru. Mimi sikuweza kucheka.

Wakati wa chakula tuliketi kando ya ukuta wa nje na vibakuli vyetu vya githeri, mahindi na maharagwe. Oti, kijana wa mashine ya kukata ngozi, mtu wa maneno mengi na moyo mwema, ndiye aliyenigeukia.

"Sasa Mwende, si wewe ndiye umesomea hizi maneno za ofisi? Tuandikie barua. Kitu noma. Huyo mse wa meneja aoshwe vizuri kwa maneno!"

Wote wakanitazama. Nami nilijua hatari yake. Kazi ilikuwa changa, na mchango wangu ndio uliokuwa ukiwaweka wadogo zangu shuleni. Lakini nilikuwa nimemwona Awino akianguka, na jicho likishaona halikubali kudanganywa. Nikasema nitaandika.

Niliandika, mwanangu! Niliketi na kamusi pembeni, nikaandika kwa Kiingereza, maana ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi. Nilianza kwa unyenyekevu usio na mipaka, nikapitia heshima na taadhima, nikaingia utumwa wa kale, nikawataja wafalme wakatili, nikamwita meneja jiwe lisilo na masikio. Kurasa zilijaa. Kila nilipopata neno refu nililikaribisha kama mgeni wa harusi. Nilipomaliza nilijisomea kwa sauti, na nusura nijipigie makofi.

Jumamosi nikaipeleka kwa Mwalimu Truphena. Huyu alikuwa mama mzee kutoka upande wa magharibi, aliyekuwa katibu katika ofisi kubwa kubwa mpaka akastaafu. Kisha akafungua darasa la kupiga taipu katika chumba kimoja karibu na soko la Jericho, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Alikaa wima daima, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni. Sitaficha: nilikwenda kwake ili nisifiwe.

Nilimweleza jinsi Awino alivyoanguka, naye akasoma ukurasa wa kwanza. Akaanza wa pili, akauweka chini, akanimiminia chai.

"Mwende."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Huyu meneja wenu, akiamka asubuhi, anaogopa nini?"

Niliona swali hilo haliingii popote. "Wizi," nikasema. "Viatu vinaibwa."

"Umeandika wapi hapa kuhusu wizi?"

Nikapekua kurasa zangu. Sikuwa nimeandika popote.

"Na nyinyi mnataka nini?"

"Mlango wa nyuma ufunguliwe, watu wapate hewa."

"Uko ukurasa gani, mlango?"

Ulikuwa ukurasa wa mwisho, karibu na chini, umebanwa kati ya "hivyo basi" na "kwa taadhima kuu". Mwalimu akavua miwani.

"Mwanangu, umeandika ili usifiwe, au umeandika ili mlango ufunguliwe? Kama ni sifa, barua ni nzuri. Nitakusifu sasa hivi, unywe chai, uende nyumbani. Lakini yule mama ataanguka tena."

Hakupaza sauti hata kidogo. Masikio yangu yaliwaka kama ya mtu aliyepigwa kofi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimevuma kurasa nzima.

Hakuniacha hapo, Mungu amrehemu. Alinipa karatasi safi, akakaa upande wa pili wa meza, akawa yeye ndiye meneja. Nikawa naandika mstari na kumsomea, naye anagonga meza kwa kidole. "Simu inalia. Nimesikia mstari mmoja tu. Nimejua mnataka nini?" Nikisema hapana, anasema, "Basi anza tena." Nikianza kwa wafalme, anagonga. Nikianza kwa unyenyekevu, anagonga. Mpaka mstari wa kwanza ukawa huu: tunaomba mlango wa nyuma wa chumba cha gundi ufunguliwe wakati wote wa kazi. Baada yake tukaweka kilichotokea, bila chumvi: nani alianguka, alikuwa akifanya kazi gani, na alibebwa kupitia wapi kufika kwenye hewa. Kisha, na hapa ndipo Mwalimu alipokaa sana, tukaweka hofu ya yule meneja. Tulimwambia tunajua viatu vinapotea na hata sisi hatufurahi, kwa kuwa kikipotea kimoja tunapekuliwa wote. Tukapendekeza mmoja wa walinzi wa mbele ahamie mlango wa nyuma. Mwisho tukaomba kuonana naye wiki hiyo.

"Na yale ya jiwe lisilo na masikio?" nikauliza. Nilikuwa nayapenda bado.

"Mama ameanguka. Huo ndio ukweli. Ukiufunika kwa matusi, mtu ataona matusi tu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, Mwende, na karatasi ni mbaya kuliko ulimi, kwa sababu inawekwa kwenye faili."

Barua ikatosha ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Jumatatu nilipowaonyesha wenzangu, walinuna. Oti aliigeuza karatasi kutazama nyuma kama kuna maneno mengine.

"Manze Mwende, hii ni barua ama ni noti ya kutumwa duka? Hujamwambia hata kitu moja mbaya! Tulikutuma simba, umetuletea kuku."

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema pengine ofisi imeshaninunua. Neno hilo liliniuma sana. Ningeweza kukasirika, niseme basi andikeni wenyewe. Lakini nilikuwa nimejifunza jambo kule Jericho, nikaona kama linafaa kwa meneja litafaa kwa rafiki.

"Oti," nikasema, "kaa hapo juu ya kreti. Wewe ndiye meneja."

Akapanda kreti, akajitanua, watu wakacheka. Nikatoa ile barua ndefu, maana nilikuwa bado naitembeza mkobani, nikaanza kumtafsiria kwa Kiswahili. Unyenyekevu, taadhima, utumwa. Kabla sijafika kwa wafalme, Oti alikuwa ameanza kukwangua bakuli lake kwa kijiko. Nilipofika kwenye jiwe lisilo na masikio aliruka.

"Ati nani hana masikio? Toka kwa ofisi yangu!"

Wote wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamsomea ile fupi. Safari hii alitulia. Nilipomaliza akateremka kwenye kreti.

"Hapo umenishika," akasema. "Sina pa kutokea. Kama ni mimi, nafungua."

Tukamgeukia Awino. Alikuwa amerudi kazini, macho mekundu bado. Akauliza kama jina lake limo. Nikamwambia limo, na kwamba akitaka nitalitoa. Akafikiri.

"Liache," akasema. "Ni mimi nilianguka, si mtu mwingine."

Walitia sahihi. Mimi niliyeandika nikatia ya kwanza, juu kabisa, na jina langu nikalichapa waziwazi chini yake. Niliitia kwenye trei ya meneja kwa mkono wangu.

Aliniita kesho yake. Alikuwa mwanaume mwembamba, mchovu wa macho, na barua ilikuwa mbele yake. Hakuniambia nikae.

"Nani amekuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe, bwana. Nilisaidiwa na mwalimu wangu."

"Hapa hamjasema kwamba mtanishtaki."

"Hatukutaka kesi, bwana. Tunataka mlango."

Simu ikalia. Aliitazama, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Mlinzi akihamia nyuma, huku mbele lango litakuwa salama?"

Sauti yangu ilitoka safi, maana swali hilo tulikuwa tumelijibu na Mwalimu kabla hajaliuliza. Nilimweleza kwamba mbele hupita magari machache na mlinzi mmoja anatosha, na kwamba mizigo yenyewe hupakiwa upande wa nyuma, kwa hiyo ulinzi ungekuwa karibu zaidi na viatu. Nilisema hayo tu, nikanyamaza. Kunyamaza nako kunafundishwa, mwanangu. Nilitamani sana kuongeza neno, nikajizuia.

Akafungua droo, akatoa ufunguo, akateremka nao mwenyewe. Mashine zilianza kuzimwa moja baada ya nyingine watu walipomwona. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu, akahangaika nao, Oti akaenda kumsaidia. Mlango ulipofunguka, baridi ya asubuhi iliingia yote kwa pamoja. Awino aligeuza uso wake kuielekea, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Nimewahi kupewa vyeti na kushikwa mkono na wakubwa tangu siku ile. Sijawahi kulipwa kama nilivyolipwa na pumzi ile.

Usidhani tulipata kila kitu. Vitambaa vya kuziba pua na mdomo tuliviomba kwa barua nyingine, tukanyimwa, tukaomba tena. Vilikuja kwa kuchelewa. Lakini baada ya muda meneja alianza kuniletea barua zake za wateja nizisome kabla hazijaenda, na mafundi wa Kariokor, wale wa viatu vya ngozi, wakaniita niwaandikie walipotaka kuuza kwenye maduka ya mjini. Mkono huu ndio ulionilea mimi na kuwalea wadogo zangu.

Sasa nisikilize. Nyinyi mnaandika kwa simu, kwa kidole kimoja, na ujumbe unafika kabla hasira haijapoa. Chombo kimebadilika, ila msomaji ni yule yule: ana shughuli, ana hofu zake, na kuna simu inamlilia. Kabla hujaandika, nenda kwanza ukakae kwenye kiti chake, uone ulimwengu ukiwa hapo. Unachotaka kiseme mapema, kwa maneno unayoyatumia ukiwa na akili timamu, ajue ni nini. Usimfiche ukweli, wala usiupake rangi. Na hofu yake itaje wewe kabla yeye hajaitumia kukukatalia. Neno kubwa likikujia, liulize limekuja kufanya kazi au limekuja kula. Ukishaandika, msomee mtu anayekupenda kiasi cha kukukemea, na akikukemea usikimbie chai yake. Na wale mnaosafiri nao usiwadharau kwa kuwa hawakusoma ulichosoma. Wakinuna, waeleze kwa subira ile ile unayompa mkubwa, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Zaidi ya yote, jina lako liweke. Barua isiyo na mwenyewe ni uvumi tu.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akunyooshee kauli, akupe watu wa kukusikiza na masikio ya kuwasikiza. Akujalie mwalimu asiyekuogopa. Na kila barua utakayoitia sahihi, akupe nguvu ya kusimama nayo ukiulizwa, na useme bila kutetemeka: ndiyo, hii ni yangu. Amina.