Kurudi Rivasi Kariobangi

Siku ya kwanza kuachiwa lori bila dereva mwingine kando yangu, nilitumwa kwenye godauni moja Kariobangi na magunia ya unga wa ngano. Lango la godauni lile lilikuwa jembamba, na jukwaa la saruji la kushushia mizigo lilikuwa ndani kabisa, upande wa kushoto. Ilinibidi niingie rivasi kutoka barabarani huku nikikata kona. Kando ya lango palikuwa na kibanda cha mabati cha mama mmoja aliyeuza chapati na maharagwe.

Wapakuzi walikuwa pale wakila. Walipoona ni mwanamke ameshika usukani, wakaweka sahani chini, wakaja kunisaidia wote kwa pamoja.

"Kata kulia, madam," mmoja akasema.

"Kushoto. Kushoto yote," akasema mwingine.

Utingo wangu, mzee wa rika la baba yangu, alikuwa nyuma akiigonga bodi kwa kiganja, nami sikujua kama anasema njoo au simama. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili mkia wa lori ukaelekea kibandani. Boda boda zikaanza kunipigia honi.

Nikazima injini, nikashuka, nikamwendea yule mama.

"Mama, naomba wewe ndiye unielekeze."

Akacheka. "Mimi mambo ya malori siyajui, mwanangu."

"Lakini kibanda ni chako. Huwezi kuniambia nije kama nafasi hakuna."

Akalifikiria hilo kidogo. Kisha akachukua upawa wake, akasimama mahali nilipomwona vizuri kwenye kioo.

"Hawa wengine wanyamaze," akasema, na wakanyamaza, maana ndiye aliyewalisha kila siku.

Upawa uliposogea, nami nilisogea. Ulipoinuliwa, nikasimama, nikanyoosha matairi, nikaendelea. Kibanda nilikipita kwa nafasi ya kiganja. Mwishowe lori likazigusa raba zilizofungwa ukingoni mwa jukwaa polepole, kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala.

Wapakuzi wakapiga makofi. Utingo akaniambia alijua tangu mwanzo kwamba ningeweza. Sikumwamini, lakini nilimshukuru.

"Chapati yangu imeungua kwa ajili yako," mama akaniambia. "Kwa hiyo utaila wewe."

Nikaketi ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia, magunia yakishushwa nyuma yangu. Upande mmoja wa chapati ulikuwa mweusi tii. Niliila yote.